Busia, Malaba na Milima ya Samia: Mwongozo wa Msafiri Anayelala Funyula

Wasafiri wengi wanaifahamu Busia kwa muda wa kugonga muhuri tu. Basi la Kampala linasimama, abiria wanashuka na vitambulisho mkononi, wanapanga foleni, wanarudi kwenye viti vyao. Malaba ni vivyo hivyo, ila huko madereva wa malori hukaa zaidi kwa sababu foleni imewakalisha. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kushuka na mzigo wake na kubaki.

Ushauri wangu mkuu ni huu, na mengine yote humu yanautegemea: lala Funyula, panda mlima alfajiri, shuka mjini na ziwani mchana. Ukiuona mji wa mpakani kutoka juu ya milima ya Samia, utaelewa kwa nini watu wa hapa wanavuka mpaka kila siku kama wanaokwenda kisimani.

Kwa nini Funyula

Funyula ni mji mdogo wa Wasamia katika kaunti ya Busia. Mji wa Busia uko kaskazini yake, mwendo usiofika saa moja kwa gari barabara ikiwa njema. Ziwa Victoria liko kusini-magharibi. Milima ya Samia iko jirani kabisa. Si mirefu: sehemu za juu kabisa za kaunti hii, yaani milima ya Samia na ile ya Teso Kaskazini, hufikia kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi. Mtu mwenye afya ya kawaida anapanda na kushuka kabla ya chakula cha mchana.

Ukubwa wa milima hii umo ndani ya mawe yake. Ni mawe yenye chuma, ya miamba ya kale iliyopita miaka bilioni mbili. Kwa vizazi vingi Wasamia waliyakusanya, wakayayeyusha katika tanuri za udongo kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mashoka na mikuki. Jembe la Samia lilisafiri mbali. Lilibadilishwa kwa nafaka na mifugo, Wajaluo walilitumia, Waluhya wengine walilitumia, na penginepo lilitolewa kama mahari. Kwa hiyo kabla ya afisa yeyote kuweka kizuizi barabarani, watu wa hapa walikuwa wameshazoea kuvuka mto Sio wakiwa na bidhaa mabegani.

Mpaka ulikuja baadaye. Hadi mwaka 1902 eneo hili, pamoja na nchi yote ya mashariki mpaka karibu na Naivasha, lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamishia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya, na Wasamia wakajikuta wamegawanywa. Ukitaka mfano wa jinsi mgawanyo huo ulivyokaa juu ya familia, tazama ukoo wa Awori. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula kwa zaidi ya miaka ishirini, akawa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003. Ndugu yake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri katika serikali ya nchi hiyo. Kumbuka jambo hilo unaposimama kwenye foleni ya muhuri.

Msimu na saa

Miezi mizuri ya kupanda milima ni Desemba hadi Februari, kisha Juni na Julai. Mvua za masika huanza Machi na kukolea Aprili na Mei. Mvua nyingine hurudi kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Wakati wa mvua udongo mwekundu wa njia za milimani huteleza vibaya, na bodaboda hukataa baadhi ya njia, nao wana haki.

Ukiwa hapa, ogopa radi kuliko mvua yenyewe. Nchi hii ya kandokando ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi kabisa duniani. Kumbukumbu za hali ya hewa za Tororo, mji wa Uganda ulio karibu na Malaba, zilionyesha wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Dhoruba hizo hupenda alasiri. Basi jiwekee sharti: saa sita mchana ikukute umeshashuka mlimani. Ukisikia ngurumo ukiwa juu, teremka mara moja, usijifiche chini ya mti ulio peke yake.

Jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na nusu jioni au kupita kidogo, mwaka mzima. Giza huingia upesi. Panga safari zako zote za matatu zikufikishe mahali pa kulala kabla ya saa moja usiku.

Jambo moja zaidi la kalenda: Ijumaa na Jumamosi ni siku za mazishi katika sehemu kubwa ya Magharibi mwa Kenya. Matatu nyingi hukodiwa na familia za wafiwa, na barabara za vijijini hujaa. Ukitaka usafiri rahisi, zunguka kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Kitambulisho, pesa na simu

Mwananchi wa Kenya au Uganda anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mpango huo, pamoja na Rwanda, ulianza Januari 2014. Raia wa nchi nyingine za Afrika Mashariki waje na pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu maafisa wa afya wanaweza kukiomba. Ukisafiri na mtoto, uwe na cheti chake cha kuzaliwa.

Busia na Malaba zote zina kituo cha pamoja cha mpakani. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Utaratibu wake ni mwepesi ukishaujua: unasimama mara moja tu, katika nchi unayoingia. Ukielekea Uganda, maafisa wa Kenya na wa Uganda wote utawakuta upande wa Uganda, wamekaa meza jirani. Ukirudi, wote utawakuta upande wa Kenya. Usitoke ndani ya jengo kabla ya kupita meza zote mbili. Anayeruka meza moja huonekana kana kwamba hakutoka nchi ya kwanza, na usumbufu wake huja siku ya kurudi.

Utaonyeshwa njia za panya. Wenyeji wanazijua, na baadhi yao wana mashamba na jamaa pande zote mbili. Wewe mgeni usizitumie hata ukiambiwa ni hatua kumi. Ukikamatwa bila muhuri, gharama yake itazidi muda wowote uliookoa.

Kuhusu pesa, upande wa Kenya M-Pesa inalipa karibu kila kitu, kuanzia chumba hadi fungu la nyanya. Upande wa Uganda utahitaji shilingi za Uganda au huduma za MTN na Airtel za huko. Wabadilishaji pesa wamejaa mpakani. Kabla ya kumkaribia yeyote, angalia kiwango cha siku hiyo kwenye simu yako, piga hesabu mwenyewe, na uwe na jibu lako kichwani. Noti za Uganda zina sifuri nyingi, kwa hiyo mgeni hukosea kati ya elfu tano na elfu hamsini. Hesabu mbele ya mbadilishaji, polepole, na ukiharakishwa rudisha pesa zake uchukue zako. Kiasi kikubwa kibadilishe benki au katika duka lenye leseni.

Simu yako itayumba kati ya mitandao ya nchi mbili hata ukiwa umekaa gesti upande wa Kenya. Chagua mtandao kwa mkono katika mipangilio ya simu ili salio lisiishe bila wewe kujua.

Mwisho wa sehemu hii, sheria ambayo wageni huisahau: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni kali. Ukinunua kitu Uganda kikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, kitoe uuache mfuko hukohuko kabla ya kuvuka. Njoo na kikapu au mfuko wa kitambaa.

Kufika na kuzunguka

Kutoka Nairobi kuna mabasi ya usiku na ya mchana hadi Busia na Malaba, safari ya zaidi ya kilomita 400. Ushauri wangu ni kufika Kisumu kwanza, kwa basi, treni au ndege, ulale huko, kisha uchukue matatu ya Busia asubuhi. Barabara hiyo inapita Maseno, Luanda, Ugunja na Bumala, nawe utafika ukiwa na nguvu za kutembea.

Gari za Funyula, Sio Port na Port Victoria utazipata steji ya Busia. Muulize makanga kama gari lake linapita Funyula yenyewe, maana njia za huku ni zaidi ya moja. Kati ya Busia na Malaba ni kama kilomita 30, na matatu zake hupitia Adungosi.

Bodaboda hapa ndipo nyumbani kwao. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walianza kubeba abiria na mizigo katika kipande kilichotenganisha vituo vya nchi mbili mpakani, na kutokana na kazi hiyo usafiri huu ukaenea Afrika Mashariki yote. Kubaliana nauli kabla ya kupanda, omba kofia ya usalama, na ukimpata dereva makini chukua namba yake umtumie siku zote za ziara. Yeye atakuwa na faida ya uhakika, nawe utakuwa na mtu anayejua unalala wapi.

Siku ya kwanza: Busia, pande zote mbili

Anzia upande wa Kenya saa mbili asubuhi, wakati soko limeshachangamka na jua halijawa kali. Uliza Soko Posta na Soko Matope, tembea taratibu, na uangalie bidhaa zinaelekea wapi. Kutoka Uganda huingia mananasi, ndizi, mayai, mahindi, maharagwe na samaki. Kutoka Kenya huenda sabuni, mafuta ya kupikia, vyombo vya plastiki na bidhaa za viwandani. Mwelekeo huo hubadilika bei ikibadilika: sukari ikipanda upande mmoja, baiskeli za upande wa pili zinajua kabla ya magazeti.

Waangalie wachukuzi. Miongoni mwao kuna watu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono, wamepakia magunia nyuma na wasaidizi wakisukuma. Kwa miongo mingi wamejijengea biashara ya usafirishaji mpakani hapa, wakisomesha watoto na kujenga nyumba kwa kazi hiyo. Ukiwa na mzigo, wape kazi kwa bei ya haki. Usiwapige picha bila kuomba.

Ukishamaliza, pita kituo cha pamoja uvuke. Upande wa Uganda, mtaa wa Sofia unaanzia karibu kabisa na mpaka: maduka ya vitenge, nguo za mitumba, vyakula, na vibanda vya chapati. Hapa utasikia Kisamia, Kiteso, Kiganda, Kijaluo na Kiswahili katika mazungumzo mamoja. Agiza roleksi, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, nyanya na vitunguu, uile ikiwa moto. Kisha nunua kitenge chako, ukipapasa kitambaa na kuuliza urefu wake kwa yadi.

Kama unanunua bidhaa za kuuza nyumbani, fahamu kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa hapohapo mpakani. Ulizia dawati la habari za biashara. Kukaa kimya na kumpa mtu asiye na sare pesa zako ndiko kunakowafilisi wageni.

Usipige picha majengo ya mpaka, askari wala mizani ya malori. Rudi Kenya kabla ya saa kumi jioni, chukua gari la Funyula, ulale mapema.

Siku ya pili: milima ya Samia

Milima hii haina lango, tikiti wala ubao wa kuelekeza. Ni nchi ya watu, yenye mashamba ya muhogo, mtama na mahindi, njia za ng'ombe na za watoto wa shule. Kwa hiyo siku moja kabla, muombe mwenye gesti akukutanishe na mzee wa kijiji au chifu msaidizi. Jitambulishe, eleza unataka kupanda mlima, na uombe kijana wa kukuongoza. Kubaliana malipo waziwazi, mbele ya mzee, na ulipe kikamilifu mwisho wa safari. Kijana huyo anajua shamba la nani lina mbwa, kisima kiko wapi, na mlima upi una njia nzuri wiki hiyo.

Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, kofia, suruali ndefu, viatu vya kufunika kidole na kisigino, na kitu cha kula: ndizi, njugu karanga, viazi vitamu vya kuchemsha. Juu hakuna kivuli cha kutosha. Ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na tochi. Nyasi zikiwa ndefu, fuata nyuma ya kiongozi na upige ardhi kwa fimbo, maana nyoka wapo.

Mpando ni wa hatua kwa hatua. Sehemu za chini ni mashamba, kisha vichaka, kisha mawe matupu. Hapo simama uinue jiwe moja: utaona rangi ya kutu, tabaka nyeusi na nyekundu zilizopangana, na mkono utaona uzito usiolingana na ukubwa wake. Hilo ndilo lililotoa majembe. Muulize kiongozi wako kama anafahamu mahali palipokuwa na matanuri au ukoo wa wahunzi. Wazee wa vijiji vingine bado wanaeleza nani alivukuta na nani alifua. Liangalie jiwe, kisha ulirudishe chini. Na ukiona mashimo, kaa mbali. Pande zote za mpaka huu kuna watu wanaochimba dhahabu kwa mikono, na kingo za mashimo hayo huporomoka.

Ukifika juu, geuka polepole pande zote nne. Kusini-magharibi ni ghuba ya Berkeley, ambako mto Sio unaingia ziwani, na mto huo ndio mpaka hapo: maji yaleyale, Kenya ukingo mmoja, Uganda ukingo wa pili. Kusini kuna tambarare ya Bunyala, ambako mto Nzoia unamwaga maji yake na mafuriko yake. Magharibi ni vilima vya Uganda, vinavyofanana na ulivyosimama juu yake, kwa sababu watu wake ni hawahawa. Kaskazini ndiko kwenye mabati ya Busia. Jaribu kuutafuta mpaka kwa macho. Mashamba hayana mshono. Utakachoona ni barabara iliyosongamana magari mahali pamoja, na mji uliokua pale yalipolazimika kusimama.

Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alifika Ziwa Victoria kupitia nchi hii ya Wasamia, baada ya kuvuka Umaasai akiwa na wapagazi kutoka Zanzibar na pwani. Hapo ndipo alipogeuza njia. Wapagazi wale ni miongoni mwa waliokileta Kiswahili huku kwa miguu yao, miongo miwili kabla ya mpaka kuwekwa.

Alasiri ziwani

Ukishashuka na kupumzika, nenda Sio Port kwa bodaboda au matatu. Ni mji wa wavuvi, na alasiri ni wakati mzuri wa kukaa. Utakuta omena imeanikwa juani, mbuta anakatwa vipande, ngege anakaangwa. Chagua samaki wako akiwa mzima, uliza bei, kisha mwambie mama akupikie. Kula na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, ambao ndio ugali wa nyumbani huku, mweusi na mzito, pamoja na mboga za kienyeji.

Usiogelee. Kichocho kipo katika maji ya ufukweni, na viboko na mamba wapo katika mito na matete. Ukitaka kupanda mashua, vaa jaketi la kuokolea, ondoka na nahodha anayejulikana na wenzake wa ufukweni, na usikubali kupelekwa nje ya maji ya Kenya. Mpaka wa ziwani hauonekani, lakini doria za nchi mbili zinaufuata.

Siku ya tatu: Malaba, Kakapel na mwamba wa Tororo

Malaba ni mji wa malori. Mizigo ya Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo kutoka bandari ya Mombasa hupita hapa, na mlolongo wa malori unaweza kuenea kilomita kadhaa. Reli ya zamani pia inavuka hapa, ile iliyofika Kampala mwaka 1931. Tembea asubuhi kandokando ya barabara, kunywa chai na madereva, na usikilize Kiswahili cha nchi tano katika meza moja. Huo ndio utajiri wa Malaba, na saa mbili zinatosha.

Baada ya hapo una njia mbili. Ukiwa na siku moja tu, chagua moja.

Ya kwanza ni Kakapel, upande wa Kenya, katika milima ya Chelelemuk huko Teso Kaskazini. Kodi bodaboda au gari la kwenda na kurudi kutoka Malaba au Amagoro. Kakapel ni eneo la kumbukumbu ya kitaifa linalotunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na juu ya mwamba wake kuna michoro ya enzi tofauti: maumbo ya duara na mistari yanayohusishwa na wawindaji wa kale, na ng'ombe waliochorwa na wafugaji waliokuja baadaye. Chini ya mwamba huo wanaakiolojia walichimba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha punje ya kunde ya miaka 2,300 iliyopita, na wimbi la miaka 1,000 angalau. Mboga na nafaka utakazopewa mchana katika nyumba za Wateso zina historia hiyo. Usiguse michoro na usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, kwa kuwa maji huifuta.

Ya pili ni mwamba wa Tororo, upande wa Uganda, mwendo mfupi kutoka Malaba kwa taksi, jina wanaloita matatu huko. Ni kiini cha volkano ya kale kilichobaki baada ya mlima uliokizunguka kumomonyoka, na kilele chake kina mita 1,483. Ni mkali kuliko milima ya Samia. Kuna ngazi sehemu zenye mwinuko, na anayeogopa urefu aishie katikati bila aibu. Lipa kiingilio kwa anayetoa risiti, chukua kiongozi, na kumbuka zile siku 251 za ngurumo.

Adabu za kukaa na watu

Salimu kwanza, uliza baadaye. Kwa Wasamia na Waluhya wengine, "Mulembe" inafungua mlango. Kwa Wateso sema "Yoga". Upande wa Uganda mwanamume mwite "ssebo" na mwanamke "nnyabo". Mwanamke wa sokoni aliyekuzidi umri ni mama, mwanamume ni mzee au baba. Usimwite mtu mzima kwa jina kabla hajakuruhusu.

Ukikaribishwa nyumbani, kaa, pokea chai, ule hata kidogo. Kuku akichinjwa kwa ajili yako, umeheshimiwa sana. Usiondoke kabla hajaiva. Ndugu zetu Wateso wakikukaribisha kwenye ajono, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, kaa mahali unapoonyeshwa na upokee mrija unaopewa. Kama hunywi, sema hivyo kwa upole, utapewa soda na kiti kilekile. Makaburi yako uani mwa nyumba nyingi: usiyakanyage wala kuyakalia. Ukikuta msafara wa mazishi barabarani, mwambie dereva apunguze mwendo.

Afya

Malaria ni ya kweli na ya mwaka mzima kandokando ya ziwa hili. Muulize daktari dawa ya kinga kabla ya kuja, lala ndani ya chandarua, vaa mikono mirefu jioni. Ukipata homa hapa au wiki chache baada ya kurudi nyumbani, pima siku hiyohiyo na umwambie daktari ulikokuwa. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Busia, na karibu na Funyula kuna hospitali ya misheni ya Nangina. Namba za dharura Kenya ni 999 na 112.

Ukiwa na muda mfupi, na ukiwa na mrefu

Mwenye siku mbili aache Malaba na Tororo, abaki na Busia na mlima wa Samia. Mwenye siku moja tu aupande mlima asubuhi na kumalizia Busia sokoni, kwa mpangilio huohuo, maana soko linasomeka vizuri zaidi kwa aliyelitazama kutoka juu.

Mwenye wiki nzima aongeze Mlima Elgon. Kutoka Malaba pita Bungoma hadi Kitale, kisha Endebess na lango la Chorlim la hifadhi ya taifa. Huko kuna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kulamba chumvi ya miamba. Kilele cha Wagagai, upande wa Uganda, kina mita 4,321. Elgon ina baridi kali usiku, askari wa wanyamapori, ada na kanuni zake, na inahitaji maandalizi ya pekee. Fanya mazoezi Samia kwanza.

Pesa unazotumia mahali pengine hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia mwenyeji. Hapa zinamfikia moja kwa moja: kijana wa mlimani, mama wa samaki, mwenye gesti, mchukuzi wa magurudumu matatu. Funyula haitajaa wageni kwa sababu ya matangazo. Itajaa ikiwa kila anayekuja atalipa haki, atasalimu watu, na akirudi kwao atamwambia rafiki mmoja ashuke basi la Kampala kituo kimoja mapema.